Masasi ya Shaba: Kile Kilichotoka Mdomoni mwa Bunduki za Wawindaji wa Katanga

Tukiandika juu ya uwindaji wa wazee wetu, mara nyingi tunaandika juu ya dawa na miiko, juu ya nyimbo za usiku, juu ya ule mti wenye matawi mawili ambao Walunda wa kusini wanauita chishing'a, pale mwindaji anapotundika nyama kwa ajili ya wazee waliokufa. Hayo ni mazuri na hatutaki yasahaulike. Lakini juu ya bunduki tunasema kidogo tu, na juu ya kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki hatusemi kitu. Ni sawa na mtu anayeeleza karamu yote, ngoma, wageni na viti, halafu anasahau kusema kulikuwa nini ndani ya sahani.

Aliyetufungua macho ni nkambo mmoja wa Katuba. Alifanya kazi ya kampuni miaka mingi, na kila alipopata konji alirudi kwao upande wa Lufira kuwinda. Siku moja wakati wa kipwa tulikaa naye chini ya mwembe wa lupango lwake, tukamuuliza habari za bunduki yake ya zamani: ilitengenezwa wapi, ilikuwa na nguvu gani. Akatuangalia kama watoto wasiojua kuuliza. «Bana bangu, bunduki haiuake nyama. Bunduki inatupaka tu. Yenye kuuaka ni lisasi.» Tangu siku ile tulianza kufuata historia ya risasi yenyewe, umbo lake na madini yake, na tumeona kwamba historia hiyo inapita katikati ya historia ya Katanga yetu.

Kwanza neno. Kiswahili cha vitabu kinasema risasi, na neno hilo lilitoka kwa Waarabu, ambao kwao ni jina la madini ile nzito na laini ya kijivu. Kwa hiyo jina la madini lilikuwa jina la kitu kinachoua, kama vile hakuna madini ingine inayoweza kazi ile. Sisi huku tunasema lisasi, na zikiwa nyingi masasi. Ile madini yenyewe tunaiita plomu, kama wanavyosema mafundi wa batri za gari. Katika maandiko haya tutatenganisha vitu hivi viwili, kwani mambo yote yanaanzia pale pale: je, risasi lazima iwe plomu?

Kabla ya risasi kulikuwa mshale. Katika hadithi ya ufalme wa Waluba, Mbidi Kiluwe, baba ya Kalala Ilunga, ni mwindaji aliyetoka mashariki. Na Chibinda Ilunga, aliyefika kwa Walunda akamuoa malkia Rweej, jina lake lenyewe ni mwindaji. Wachokwe walichonga sanamu nyingi za huyu Chibinda, na leo zimekaa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Tunaomba msomaji aangalie picha zake siku akizipata. Katika baadhi yake shujaa huyu wa zamani sana, wa wakati wa upinde, ameshika bunduki ya gumegume! Wachongaji wa karne ya 19 walimpa silaha waliyoiona kwa wawindaji wakubwa wa siku zao. Hawakuona ubaya, kwani kwao mwindaji wa kweli ni yule mwenye chombo bora.

Lakini wawindaji wenyewe hawakuchanganya vitu. Victor Turner, mtaalamu wa mila aliyekaa kwa Wandembu wa Zambia kati ya 1950 na 1954, aliandika kwamba walikuwa na njia mbili za mila ya uwindaji: Wubinda kwa wenye upinde, na Wuyang'a kwa wenye bunduki. Wandembu wanasema asili yao ni kwa Mwata Yamvo, na neno buyanga linajulikana hata kwa Waluba na Wasanga. Kwa nini njia mbili? Tunafikiri, na hii ni mawazo yetu sisi, kwamba mshale na risasi haviui namna moja. Mshale unakata. Nyama anakimbia, damu inatoka polepole, mwindaji anafuata alama hata nusu siku. Gololi ya bunduki haikati, inapasua na kuvunja. Mtu aliyezoea kazi ya kwanza lazima ajifunze upya kazi ya pili: pa kulenga, pa kusimama, na muda wa kungoja kabla ya kufuata.

Sasa tufike Bunkeya. Karibu ya mwaka 1856, Ngelengwa mwana wa Kalasa, ambaye sisi wote tunamjua kwa jina la Msiri, alitoka Unyamwezi akaingia Katanga. Alikuja na bunduki chache tu, lakini chache zilitosha mahali ambapo wengine hawakuwa na hata moja. Watu wake waliitwa Bayeke, na jina hilo kwao Unyamwezi lilikuwa jina la chama cha wawindaji wa tembo. Kwa hiyo ufalme ule, tangu jina lake, ni ufalme wa wawindaji. Pembe zilienda pande mbili, mashariki mpaka Zanzibar na magharibi mpaka Bihé na Benguela, na bunduki na baruti zikarudi kwa njia zile zile.

Baruti ilipaswa kununuliwa. Plomu pia ilitoka mbali, juu ya mabega ya watu, na mzigo wa plomu ni mzigo mbaya, unaua mpagazi kabla ya kuua tembo. Lakini shaba ilikuwa pale pale chini ya miguu. Wafundi wa shaba, ambao baadaye Wazungu waliwaita «walaji wa shaba», walikuwa wanatengeneza zile misalaba tunazoziona katika makumbusho yetu ya Lubumbashi, tena nyuzi na vikuku. Na walitengeneza masasi. Kwa wasomaji wengi hii itakuwa habari mpya: wawindaji wa nchi hii walipiga tembo na nyati kwa masasi ya shaba miaka mia na zaidi kabla ya viwanda vya Marekani kuuza masasi ya shaba kama kitu kipya. Tutarudi hapo.

Tofauti yake ni nini? Plomu inayeyuka kwa moto wa nyuzi 327. Ni moto wa jikoni. Mwindaji yeyote anaweza kuweka kipande ndani ya kigae cha chungu, akamimina gololi zake jioni huku mke wake anapika bukari pembeni. Shaba inataka nyuzi 1085, ni kusema tanuru, mivukuto, makala ya mti mgumu, na mafundi wenye kujua mila ya kazi ile. Basi risasi ya plomu ni kitu cha mtu mmoja, lakini risasi ya shaba ni kitu cha nchi yenye mkuu na mafundi.

Halafu uzito. Tuchukue gololi ya unene wa milimita 16. Ikiwa ya plomu inapima karibu gramu 24, ikiwa ya shaba gramu 19, ikiwa ya chuma gramu 17. Gololi nyepesi inatoka mbio mdomoni, lakini hewa inaishika upesi, nguvu inaisha njiani. Hapo plomu inashinda. Lakini plomu ni laini, ikikuta mfupa mkubwa wa bega inapondeka kama udongo, inapanuka na kusimama. Kwa kongoni hiyo ni faida: tundu ni pana na damu inatoka nyingi. Kwa tembo ni hasara kubwa. Kichwa cha tembo ndani yake kimejaa mifupa yenye matundu kama sega la asali, na ubongo umekaa nyuma kabisa. Gololi laini inachoka kabla ya kufika. Shaba ni ngumu zaidi, haipondeki upesi, inaendelea mbele. Wafundi wa Bunkeya hawakuwa na kitabu cha fizikia, lakini ile madini ambayo Mungu aliwawekea ilifaa kazi ile kuliko ile iliyotoka mbali.

Tusidanganyane lakini. Shaba au plomu, gololi ni gololi. Mtutu wa bunduki zile ulikuwa laini ndani, bila mifereji ya kuzungusha risasi, na gololi ilipaswa kuwa ndogo kidogo kuliko tundu ili iingie kutoka mbele. Inagonga huku, inagonga kule, na mwenye kupiga hajui itatoka upande gani. Zaidi ya hatua 40 au 50 ni kubahatisha. Ndiyo maana tunasema umbo la risasi liliamua mwindaji asimame wapi, na pale aliposimama paliamua kama atarudi nyumbani. Ile dawa ya kutoonekana, ile miiko ya kutolala na mke kabla ya kuingia pori, ile nidhamu ya upepo na harufu, vyote hivyo ni mila ya mtu ambaye lazima amkaribie nyati mpaka aone kope zake. Wanaocheka mila hizo wajaribu wenyewe na gololi moja na baruti yenye unyevu.

Hata Wazungu walipita shule hiyo. Frederick Selous, Mwingereza aliyefika Afrika ya kusini mwaka 1871, alianza kuwinda tembo na bunduki ya kushindilia mbele iliyotupa gololi ya aunzi 4, yaani gramu 113. Gololi sawa na limau ndogo! Kwa sababu gololi haiwezi kwenda mbali wala kuingia ndani sana, dawa yao ilikuwa moja tu: kuongeza ukubwa. Bunduki ilimpiga mwenyewe begani sawa na ilivyompiga tembo.

Halafu ndani ya miaka michache mambo yakageuka kabisa. Mwaka 1882 Mswisi Eduard Rubin alifanya risasi ndefu na nyembamba, plomu ndani na ganda la shaba nje. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akapata baruti isiyo na moshi, yenye nguvu zaidi mara nyingi. Ukiunganisha viwili hivi na mtutu wenye mifereji, risasi inazunguka kama pia, inaruka mita 600 au 700 kwa sekunde, haigeuki njia, na inapenya. Ganda lile la shaba lilikuwa lazima, kwani plomu tupu kwa mbio ile inayeyuka na kuchafua mtutu. Kwa maneno mengine, dunia yote ilianza kuhitaji shaba ili kupiga bunduki, ikiwa ni ganda la risasi ama ganda la kartushi. Bila shaka msomaji anaona tunakoelekea. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, moto wa tanuru la Lubumbashi ukawashwa mwaka 1911, na katika vita ya 1914 hadi 1918 shaba ya Katanga ilienda Ulaya kutengeneza silaha za Washirika.

Risasi ile ndefu mwindaji wa Katanga aliipata? Hapana. Mwaka 1890, tarehe 2 Julai, mataifa makubwa yalitia sahihi huko Brussels mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba kulikuwa sharti juu ya silaha: katikati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, bunduki zenye mifereji na silaha za kisasa zisiingie kwa biashara, isipokuwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Katanga yote iko ndani ya mstari huo. Sababu iliyosemwa ilikuwa nzuri, kwani kweli bunduki ziliteketeza vijiji na tuliuzana sisi kwa sisi. Lakini matokeo yake kwa mwindaji yalikuwa haya: sheria ilimfunga kwenye gololi. Wakati wa Wabelgiji Mwafrika aliweza kupata karatasi ya bunduki ya pisto, ile ya fataki, na nyingi za aina hiyo zilitoka Liège. Mji ule ule ulikuwa unatengeneza bunduki safi kwa Wazungu na magobori kwa watu weusi. Hatusemi hivyo kwa uchungu tu, ni biashara ilivyokuwa.

Hapo ndipo tuna neno la kusema kwa wenzetu wanaosoma maandiko ya wakoloni. Wengi wao waliandika kwamba Mwafrika ni mwindaji mkali asiye na huruma, anajeruhi nyama na kuwaacha wafe ovyo porini. Nyama waliojeruhiwa walikuwepo, hatukatai. Wazee wenyewe wanasimulia. Lakini mtu aliyelazimishwa kutumia gololi ya mwaka 1800 atajeruhi kama mtu wa mwaka 1800, hata akiwa Mwingereza. Selous na wenzake walijeruhi vile vile mpaka siku walipobadilisha risasi. Huwezi kumpa mtu kisu butu halafu umshitaki kwamba hakati vizuri.

Tumtazame mwingine aliyekuwa na kisu kikali. W. D. M. Bell, Mskochi, aliyeitwa «Karamojo» kwa sababu ya uwindaji wake Uganda, aliwinda pia Lado, ile sehemu ya kaskazini mashariki ambayo Leopold II alikuwa ameikodi mpaka alipokufa mwaka 1909. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja katika maisha yake, na wengi aliwaua na bunduki ndogo ya milimita 7. Risasi yake ilikuwa na gramu 11 tu. Gramu 11 dhidi ya zile 113 za Selous! Siri ilikuwa umbo. Risasi ndefu, nyembamba, iliyofunikwa yote na ganda gumu, ambayo haipanuki wala haigeuki ndani ya mfupa. Bell alipasua vichwa vya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, halafu akapeleka risasi pale pale. Tembo alianguka bila kujua. Hatumsifu kwa tembo elfu moja, ni maafa. Tunasema tu kwamba risasi ya kupenya mikononi mwa mtu mtulivu ilifanya kile ambacho gololi kubwa mara kumi ilishindwa.

Lakini risasi ile ile ya Bell ukiipiga kwa swala au kongoni ni mbaya sana. Inapita kama sindano ndani ya kitambaa. Tundu dogo kuingia, tundu dogo kutoka, nyama anakimbia kilometa mbili, anakufia mahali ambapo fisi tu watamwona. Kwa nyama wa ngozi nyepesi inafaa risasi yenye pua laini: plomu inaonekana mbele, inapogusa mwili inafunguka kama uyoga, inafanya njia pana na kuacha nguvu yake yote ndani. Ikifunguka mapema mno, kwenye ngozi au ubavu, inavunjika vipande na haifiki moyoni. Ikichelewa ni sindano. Kazi yote ya watengenezaji wa masasi tangu wakati ule ni kutafuta katikati. John Nosler, Mmarekani, alikasirika mwaka 1946 kwa sababu risasi zake zilivunjika juu ya ngozi ya moose mkubwa. Alitengeneza risasi yenye ukuta katikati, mbele inafunguka, nyuma inabaki nzima na kusukuma. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 na inauzwa mpaka leo.

Juu ya hiyo risasi ya kufunguka kuna kisa cha aibu. Waingereza waliitengeneza kwa vita karibu ya mwaka 1896 katika kiwanda cha Dum Dum, karibu na Calcutta. Mwaka 1899 mkutano wa The Hague ukaikataza katika vita, kwa sababu inararua mwili wa mtu. Mjumbe wa Uingereza, Ardagh, aliitetea akisema kwamba askari wa mataifa yaliyostaarabika akipigwa anajua amejeruhiwa na anaacha, lakini «mshenzi» anaendelea kuja. Na hata katazo lenyewe lilihusu vita kati ya mataifa yaliyotia sahihi. Babu zetu hawakuwa katika orodha. Katika hesabu za watu wale tulikuwa karibu na nyama ya pori kuliko na askari.

Tangu hapo njia ziligawanyika: risasi ya vita lazima iwe na ganda zima, risasi ya kuwinda inaruhusiwa kufunguka. Jambo hilo lilikuja kutugusa baadaye sana. Baada ya uhuru, wawindaji wengi wa kwetu walihamia kalibre 12, na kartushi za shevrotini, yaani zile gololi kadhaa ndogo ndani ya kartushi moja. Kwa hatua 25 zinafaa kwa nguruwe pori na wanyama wa ukubwa wake. Kwa hatua 60 zinatawanyika, moja tumboni, moja mguuni. Wale wasiokuwa na pesa ya kartushi walirudi kwa pupu, bunduki ya fundi wa kijiji, na ndani yake walitia chochote: plomu ya batri, kipande cha ferabeto, vyuma vya mitrai. Hapa Lubumbashi tunaita mitrai vyuma vikuukuu vinavyouzwa kwa kilo, lakini kwa Kifaransa cha zamani neno hilo ni vile vyuma vya ovyo walivyotia ndani ya mzinga. Lugha inakumbuka kuliko sisi.

Halafu zikaja vita za 1996 na 1998, na kalashnikov zikaingia mapori ya Mitwaba, Pweto na Upemba. Risasi yake ina gramu 8, ganda zima, kwani ni risasi ya vita inayotii mkataba wa 1899. Katika mwili inasafiri kama sentimita 26 kabla ya kuanza kupinduka, na kwa swala sentimita 26 ni kusema imeshatoka upande wa pili. Basi ona namna dunia ilivyopinduka: ile risasi iliyotengenezwa ili isiwe ya ukatili kwa mtu, porini ndiyo yenye ukatili. Wanapiga nyingi, mfululizo, katikati ya kundi. Waliokufa wanachukuliwa, waliojeruhiwa wanaenda kufia mbali. Bustani ya Upemba ilianzishwa mwaka 1939, na ya Kundelungu mwaka 1970. Tuna sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, sheria ya silaha ya 1985, na sheria ya kulinda viumbe ya 2014. Maandiko yapo. Nkambo wetu alisema neno moja tu juu ya wakati ule: «Bale habakufataka damu.» Hawakuwa wanafuata damu. Kwa mtu wa buyanga hakuna tusi kubwa zaidi, kwani ukijeruhi unafuata, hata siku mbili, hata ukiwa na njaa.

Tulisema tutarudi kwa shaba. Mwaka 1989 kampuni ya Barnes ya Marekani ilianza kuuza risasi ya kuwinda isiyo na plomu hata kidogo, shaba tupu kutoka mbele mpaka nyuma, na tundu puani ili ifunguke petali nne bila kuvunjika. Wengi walicheka. Halafu madaktari wakaanza kupiga picha za eksirei. Mwaka 2008, katika jimbo la North Dakota, daktari mmoja alipiga picha nyama ya kulungu iliyotolewa kwa maskini, akakuta vumbi na vipande vya plomu ambavyo jicho halioni wala jino halisikii. Plomu ni sumu ya ubongo, zaidi kwa watoto. Ndege wakubwa wa California, wale kondori wanaokula mizoga, walikuwa wanakufa kwa hiyo hiyo. California ilikataza plomu katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, na Denmark ikafuata mwaka 2024 kwa masasi ya bunduki.

Jambo hilo si la California peke yake. Tunanunua kanga, swala na nguruwe pori zilizokaushwa kwa moshi, na nani anauliza zilipigwa na nini? Plomu ya batri ni laini, inavunjika ndani ya mwili, na mama anayekata nyama ile anatupa tu kile kipande anachokiona. Katika mji ambao vumbi la madini limeshatujaa mapafuni, tunaongeza sumu ingine ndani ya sahani. Tungependa madaktari wa hapa kwetu wapige picha nyama ya sokoni kama yule wa North Dakota.

Leo nchi yetu ni moja kati ya zile zinazochimba shaba nyingi zaidi duniani. Shaba inapita Kasumbalesa usiku na mchana juu ya malori. Sehemu yake ndogo, huko mbali, inageuzwa masasi ya shaba tupu na kuuzwa kwa bei kali kwa wawindaji matajiri, ambao wanaambiwa ni maarifa mapya. Hatudai kwamba fundi wa Bunkeya alijua habari ya eksirei. Alitumia alichokuwa nacho, gololi yake haikuwa na petali wala pua, na kwa hatua mia isingefika. Lakini mtu aliyekula nyama ya pofu katika mji wa Msiri, iliyopigwa kwa gololi ya shaba, alikula nyama safi kuliko sisi.

Kabla hatujaaga, nkambo aliingia nyumbani akatoa kopo la maziwa la zamani. Ndani kulikuwa gololi moja ya plomu, imebonyea upande kama mkate uliokaliwa. Aliikuta miaka ya sabini ndani ya bega la kongoni aliyempiga yeye mwenyewe upande wa pili. Nyama ilikuwa imeshaifunika, kidonda kimepona, ngozi haina alama. Mtu mwingine alimpiga kongoni yule labda miaka miwili mbele, na gololi ilisimama kwenye mfupa. Kwa mila, aliyetoa damu ya kwanza ana haki yake katika nyama. Kwa hiyo nkambo alipeleka habari kwa mkuu wa kijiji, wakauliza kijiji kwa kijiji, ni nani aliyepoteza kongoni. Hakuna aliyejitokeza. Mguu mmoja waliuweka kando siku tatu kumngoja mwenyewe, halafu waliugawa kwa wajane.

Mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na mbili, aliichukua gololi mkononi, akaipimapima, akauliza wanunuzi wa mitrai wangetoa franka ngapi. Nkambo alicheka mpaka akakohoa. Halafu akairudisha ndani ya kopo na kulifunga vizuri.